Mlima Ukishuka, Nani Anaulizwa?

Mwezi huu ukurasa wetu wa sheria unajibu swali la mama mmoja kutoka Kalehe, ambaye ndugu zake walikuwa Nyamukubi ile Mei 2023, wakati maji na matope yaliposhuka Bushushu na Nyamukubi yakaua watu zaidi ya 400. Anasema: "Kila mara tunaambiwa ni kazi ya Mungu. Tunalia, tunazika, tunanyamaza. Je, serikali haina neno la kujibu?"

Mama, linalo jibu, na serikali inadaiwa. Mvua haishtakiwi, hiyo ni kweli. Lakini sheria haiulizi nani alileta mvua. Inauliza nani alijua kwamba pale ni pa hatari, alijua tangu lini, na baada ya kujua alifanya nini. Hata Katiba ya Kongo ya 2006, ibara ya 16, inasema mtu ni mtakatifu na Serikali ina wajibu wa kumheshimu na kumlinda. Haikuandika "isipokuwa wakati wa mvua".

Sasa tuangalie hapa Uganda, kwa sababu ndiyo nchi iliyotupokea na sheria zake ndizo ziko juu yetu leo. Tarehe 1 Machi 2010 mlima Elgon ulishuka juu ya kijiji cha Nametsi, wilaya ya Bududa. Ukafunika nyumba, soko na kituo cha afya. Miili iliyopatikana ilikuwa kama 100 tu. Wengine wengi walibaki chini ya udongo. Mwaka 2012 Bududa ikapigwa tena. Tarehe 11 Oktoba 2018 ikawa Bukalasi, zaidi ya 40 wakafa. Tarehe 27 Novemba 2024 ikawa zamu ya jirani zao wa Bulambuli. Mlima ni ule ule. Mara ya kwanza kiongozi anaweza kusema hakujua. Mara ya tatu, ya nne, anasema nini?

Katiba ya Uganda ya 1995 inalinda uhai wa mtu (ibara ya 22) na haki ya kuishi katika mazingira safi na salama kwa afya (ibara ya 39). Katika malengo ya taifa, lile la 23 linaitaka Serikali iweke utaratibu unaofanya kazi kweli wa kupambana na maafa ya asili, na pia hali yoyote inayowafanya watu wengi wahame makwao. Soma tena hapo mwisho: maporomoko na ukimbizi yamewekwa katika sentensi moja. Na mpaka leo wakimbizi na maafa vinashughulikiwa na nyumba moja, Ofisi ya Waziri Mkuu, ile tunayoiita OPM. Ibara ya 249 nayo iliagiza iundwe tume ya maafa. Miaka mingi sana ilipita na tume hiyo haikuonekana, na kwa maoni yangu hiyo pekee ni deni kubwa.

Halafu kuna wilaya. Sheria ya mazingira ya 1995 iliipa kamati ya mazingira ya kila wilaya kazi ya kutambua vilima na milima iliyo hatarini, na alama mojawapo ya hatari ikatajwa wazi: kwamba ardhi imewahi kuporomoka hapo. Sheria ya 2019 iliyochukua nafasi yake nayo inalinda milima. Na baada ya Nametsi, mwaka huo huo wa 2010, serikali ilitoa sera ya maafa inayotaka kamati kuanzia wilaya mpaka kijijini. Sera si sheria, hukumu yake ni nyepesi, lakini ni karatasi ya serikali yenyewe, na mtu anaweza kuishika mkononi akauliza: kamati ya kijiji chetu iko wapi?

Wajibu hauishi kwa kusema "hameni". Hapa sisi wakimbizi tunajua kuliko wengi. Baada ya 2010 mamia ya familia za Bududa walipelekwa Kiryandongo, mbali na kwao, wakawa majirani wa ndugu zetu wakimbizi wa kule. Walitoka kwenye kahawa na migomba ya baridi wakawekwa kwenye tambarare ya joto. Wengine walivumilia. Wengine walirudi mlimani, na watu wakawaita wakaidi. Mimi siwaiti hivyo. Mtu hahami kwa kupakiwa kwenye lori. Anahama akiona shamba, maji, shule, na hati ya kile kiwanja. Mwaka 2019 serikali ilianza kuwahamishia wengine Bunambutye, Bulambuli, karibu zaidi na kwao, katika nyumba zilizojengwa.

Mwaka 2020 kundi la waathirika wa Bududa lilienda Mahakama Kuu ya Mbale kuishtaki serikali, wakidai ilijua hatari na haikulinda uhai wao. Kesi ya namna hiyo ilishaamuliwa mbali, huko Ulaya. Mji wa Tyrnyauz, katika milima ya Urusi, ulifunikwa na matope Julai 2000. Kuta za kuzuia matope zilikuwa zimeharibika tangu 1999, na wataalamu wa milima walikuwa wamewaandikia wakubwa mara kadhaa wakiomba zitengenezwe na watu wawekwe juu kutoa tahadhari. Hakuna kilichofanyika. Tarehe 20 Machi 2008 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilisema Urusi ilivunja haki ya uhai, kwa kutoonya watu na pia kwa kutochunguza vifo. Kwa upande wa nyumba na mali waliolalamika walishindwa. Hukumu ile haiifungi mahakama ya Mbale, lakini tazama kilichoibeba kesi: barua. Bila zile barua, wakubwa wangesema hawakujua.

Basi tushuke kwetu. Wengine wamechonga kilima nyuma ya nyumba wapate uwanja, na wengine wanachimba udongo wa matofali chini ya mteremko. Hilo tuache wenyewe, tusimsubiri kamanda wa kambi. Lakini kama kiwanja ulichopimiwa kiko mahali pabaya, ukaona ufa mpya ardhini, miti inaanza kulala, mlango uliokuwa unafunga vizuri sasa unakwama, au chemchemi inatoa maji ya tope ghafla, toa watoto kwanza wakalale kwa jirani. Kisha andika. Barua moja kwa mwenyekiti wa RWC, nakala kwa kamanda wa kambi, nakala kwa HCR. Weka tarehe, namba ya kiwanja, umeona nini na unaomba nini. Omba mhuri kwenye nakala yako, uifungie pamoja na karatasi ya familia. Mkienda watu kumi wa mtaa mmoja na sahihi zenu, ni bora zaidi. Na msiogope kwamba ninyi ni wageni: ibara ya 50 inamruhusu mtu yeyote ambaye haki yake imevunjwa kwenda mahakamani, haikusema raia tu.

Kiingereza kizuri si lazima. Asiyejua kuandika amwone kijana yeyote wa jarida hili, ataandikiwa bila kulipa. Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya vyeti vya kuzaliwa vya watoto waliozaliwa hapa kambini. Leteni maswali yenu mapema.