Tiki Aliyoiweka Mwingine

Safu ya Mwana Mkonge

Wiki hii nimekasirika, na hasira bado haijanitoka. Nilikuwa steshenari moja hapa Kwashemshi nikisubiri fotokopi zangu, akaingia mama mmoja na binti yake aliyemaliza kidato cha sita. Walikuja kukamilisha maombi ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Kazi ngumu walikuwa wameshaimaliza: fomu imesainiwa na serikali ya kijiji, wamepanda gari hadi Korogwe mjini kwa wakili, muhuri upo. Kilichobaki ni kuiskani na kuipandisha kwenye mfumo.

Kijana wa steshenari alikuwa na wateja wengi. "Dada, kaa pale ufanye mwenyewe."

Binti akakaa, na alijua anachokifanya. Tatizo, skana ilikuwa imetoa faili zito na mfumo ukalikataa. Akatafuta programu ya bure ya kupunguza ukubwa wa PDF. Ukurasa ukafunguka una vitufe vikubwa vya kijani, vyote vimeandikwa "Download", na kile cha kweli kimefichwa chini kwa maandishi ya kuchungulia. Akabonyeza kikubwa. Nani asingebonyeza? Zikaja kurasa za "Next", moja baada ya nyingine, kwa Kiingereza cha mahakamani. Katikati yake palikuwa na kiboksi kimoja ambacho tayari kimewekwa tiki. Si yeye aliyeiweka.

Baada ya hapo mashine haikuwa yake tena wala ya mwenye duka. Ukurasa wa Google ulitoweka, ukaja mwingine wa kutafutia ambao sijawahi kuuona. Matangazo ya kamari yakaanza kurukaruka mbele ya mtoto aliyekuja kuomba ada ya chuo. Dirisha jekundu likadai kompyuta imejaa virusi na dawa yake inauzwa kwa dola. Kisha kila kitu kikaganda.

Kijana akaja mbio. "Wewe ndiye uliyebonyeza. Umeniharibia mashine." Akadai elfu kumi za kupiga Windows upya. Mama hakubishana. Alifungua fundo la kanga na kuanza kuhesabu.

Hapo nilishindwa kunyamaza. Binti huyu hakuharibu kitu. Alitegwa na watu wanaolipwa kwa kutega, na biashara yao inajulikana hadi bei. Mwaka 2016 watafiti wa Google na Chuo Kikuu cha New York waliichambua: mwenye programu ya bure analipwa kwa kila kompyuta anayoipachikia takataka za wenzake, kuanzia senti 10 hadi dola 1.50 za Kimarekani. Wakati huo Google ilikuwa ikitoa maonyo zaidi ya milioni 60 kila wiki dhidi ya programu za namna hii, mara tatu ya maonyo ya virusi. Wala si wahuni wa vichochoroni peke yao. Kampuni kubwa ya Oracle kwa miaka mingi iliambatanisha upau wa kutafutia wa Ask Toolbar na Java, tiki ikiwa imeshawekwa, mpaka Microsoft mwaka 2015 ilipoanza kuyaondoa matoleo ya zamani ya upau huo kama programu isiyotakiwa. Mamilioni ya watu duniani walinaswa na kiboksi kilekile. Sasa mtoto wa Kwashemshi ndiye aitwe mshamba?

Nilimwomba yule mama asitoe pesa kwanza. Tuliiwasha mashine upya, tukaingia Control Panel, tukazipanga programu kwa tarehe, na zote zilizojipachika siku ile tukazitoa. Kwenye kivinjari tukafuta viongezi vigeni na kurudisha mipangilio ya mwanzo. Microsoft Defender, ambayo inakuja na Windows yenyewe bila malipo, ikapitishwa ikaokota masalia. Windows haikupigwa upya. Fomu tuliiskani tena kwa ubora wa chini, likatoka faili dogo, likapanda. Ile programu ya bure haikuhitajika tangu mwanzo, na kijana anayeendesha skana hiyo kila siku ndiye aliyepaswa kumwambia binti.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamtia hatiani anayeingia kwenye kompyuta ya mtu bila idhini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi nayo inatumika tangu Mei 1, 2023. Lakini wategaji hawa wanajificha nyuma ya tiki na kusema idhini walipewa. Nawaambia Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi: tamkeni wazi kwamba tiki aliyoiweka muuzaji si idhini ya mnunuzi. Tamko hilo halihitaji semina ya hotelini.

Na ninyi wenye steshenari, kuanzia Kwashemshi hadi Handeni, mnawakalisha wateja kwenye akaunti ileile yenye mamlaka yote ya mashine, halafu mnashangaa programu zikijipakia. Windows inakuruhusu kufungua akaunti ya kawaida kwa ajili ya wateja, bila shilingi, na programu nyingi za namna hii hazitaweza kujipachika kwenye mashine nzima bila nywila yako. Asiyeifungua akaunti hiyo ndiye aliyeiharibu mashine yake, na hana haki ya kumdai mteja hata senti moja.