Bwawa la Dubai Halitaua Duka la Diani

Huko Dubai kuna bwawa la ndani lenye kina cha mita 60. Linaitwa Deep Dive Dubai, lilifunguliwa mwaka 2021, na chini yake wametengeneza mfano wa mji uliozama. Poland wana Deepspot, mita 45. Ubelgiji wana Nemo 33 tangu 2004, na maji yake ni ya vuguvugu mwaka mzima. Humo hakuna kusi, hakuna mawimbi, wala nahodha wa kukupigia simu alfajiri kukwambia leo hatutoki.

Sasa duka dogo la kupiga mbizi pale Diani au Watamu, lenye kompresa yake, mitungi kadhaa na boti moja, litapona? Sisi tunaamini litapona, mradi libadilishe namna linavyopokea pesa za Wakenya. (Ndiyo, sisi ni watu wa malipo, mlijua tungefika hapo. Tuvumilieni kidogo.)

Bwawa haliwezi kukupa kasa anayepita bila haraka juu ya matumbawe ya Kisite. Haliwezi kukupa MV Dania, meli iliyozamishwa makusudi karibu na Mombasa mwaka 2002 ili iwe makao ya samaki. Kile bwawa linachoweza ni kufundisha, na hapo ni rafiki wa duka. Kozi ya mwanzo ya PADI, ile ya Open Water, huanzia kwenye maji yaliyotulia, na bwawa la kawaida la kuogelea linatosha kabisa. Baadaye unafanya mbizi nne baharini, ndipo unaidhinishwa kushuka hadi mita 18. Unaweza kumaliza masomo na mazoezi ya bwawani ukiwa Nairobi, upewe fomu ya kukuhamisha, halafu ukamalizie Pwani ndani ya miezi 12. Nairobi haihitaji shimo la mita 60. Inahitaji watu waliokwisha jifunza, wanaoshuka Pwani na fomu mkononi.

Shida ya duka ni kalenda. Kusi ikikolea, bahari inachafuka, na maduka mengine hufunga kwa wiki au hata miezi. Msimu mzuri ni kama Oktoba hadi Machi. Lakini kompresa inataka kufanyiwa service, mitungi inataka kukaguliwa na kodi hailali. Mwaka 2020 ndege zilipositishwa, aliyekuwa akitegemea wageni wa ng'ambo pekee alibaki akiangalia mlango. Mteja wa Thika au Kisumu hahitaji ndege ya kimataifa. Anahitaji bei ya shilingi, si ya dola au yuro, na asiambiwe alipe yote kwa mpigo.

Halafu kuna arbuni, ile dipoziti. Hapa ndipo tunapotaka kukazia.

Umelipa nusu ya pesa, umefika, na bahari imekataa. Duka linasema mafuta ya boti yameshanunuliwa. Wewe unasema hata mguu hujaulowesha. Wote mna haki, na hakuna aliyeandika mapema nini kingefanyika. Mbaya zaidi, mwenye duka anayeogopa kurudisha pesa anaanza kujiambia kwamba hayo mawimbi si makubwa sana. Na mteja anayeogopa kupoteza yake anaingia majini akiwa na mafua, ilhali mafua huziba njia za masikio, na kushuka hivyo kunaweza kumuumiza vibaya. Sheria mbovu ya arbuni inaweza kumtoa mtu nchi kavu siku ambayo alipaswa kubaki kitandani.

Msimamo wetu: nahodha akisema hatutoki, mteja achague tarehe nyingine au arudishiwe zote. Mteja akiwa na mafua, asogezewe tarehe bila faini. Akichelewa kwa sababu alilala, hiyo ni juu yake, duka libaki na arbuni. Wenye maduka watatuambia hiyo ni hasara. Sawa, basi bei iwe juu kidogo, lakini mtu asisukumwe majini na risiti.

Kwako wewe unayelipa: kabla ya kuweka PIN, omba sheria hiyo kwa ujumbe wa maandishi, si kwa mdomo. Uliza pia kama ada ya KWS ya kuingia hifadhi ya bahari imo kwenye bei. Lipa kwa till au paybill, na usome jina linalotokea. Likiwa jina la mtu binafsi wakati uliambiwa ni kampuni, simama hapo kwanza, piga simu dukani. Weka ule ujumbe wa malipo mpaka siku utakayorudi nyumbani.

Na maduka yafungue akaunti za kulipa mdogo mdogo wakati wa kusi, boti zikiwa zimetia nanga. Tuseme, kwa mfano tu, kozi ni shilingi 60,000. Ukilipa 3,000 kila wiki kuanzia katikati ya Mei, utakuwa umemaliza mwanzoni mwa Oktoba, maji yakianza kutulia. Duka nalo litakuwa limepata cha kulipia kodi ya Juni.