Kuba Isivunjwe

Msomaji, katika nyanda za juu za Kenya, karibu kabisa na Ikweta, yupo mwalimu mmoja mstaafu ambaye uani kwake pana kijumba cha mviringo chenye kuba ya bati. Ndani yake mna darubini. Kwa miaka mingi wanafunzi wa shule za jirani walikwenda pale Ijumaa jioni kutazama mabonde ya mwezi, Mshtarii na miezi yake minne mikubwa, na pete za Zuhali. Halafu kuba ikakwama. Haikuanguka wala haikuungua. Ilikataa kuzunguka tu, na maji ya masika yakaanza kupenya. Mlango ukatiwa kufuli. Miaka minne ilipopita, watu waliojiona wana busara wakashauri kwamba kuba ivunjwe, bati na chuma viuzwe kwa kilo, na darubini itiwe kabatini. Nasema shauri hilo lilikuwa baya, na wewe usomaye huenda ukakutana na ndugu yake shuleni kwako.

Hoja yao ya kwanza ilikuwa kwamba kuba imezeeka. Hoja hiyo ilitolewa na watu ambao hawakupata kuifungua wakaona ndani. Kuba si muujiza. Ni kofia iliyowekwa juu ya ukuta wa mviringo. Ukingo wa kofia ni pete ya chuma, na pete hiyo hukaa juu ya magurudumu madogo manane yaliyofungwa ukutani. Upande mmoja wa kofia hukatwa mwanya wa kupitisha macho ya darubini, nao hufunikwa kwa mlango wa kuteleza. Pete ikiwa duara kamili, mtoto huizungusha kwa mkono mmoja. Ikipotoka, fahali wawili hawaiwezi.

Basi mimi na wanafunzi tisa tulichukua uzi, tukapima pete kutoka ukingo hadi ukingo. Kila mahali ilipasa kuwa mita 3. Mahali pamoja tulipata pungufu ya sentimita mbili. Hapo hapo, chini yake, boriti iliyobeba gurudumu ilikuwa imeliwa na mchwa, gurudumu likazama, pete ikalegea, na mtu mwenye haraka akaisukuma kwa mtaimbo hata ikapinda. Magurudumu mengine mawili yalikuwa yameshikwa na kutu kwa kukosa grisi. Huo ndio uzee uliohukumiwa kifo: boriti moja, magurudumu matatu na mtaimbo!

Wakasema pia kwamba kazi hiyo ni ya mafundi, si ya watoto wa shule. Kweli, fundi wa jua kali ndiye aliyenyosha pete na kuichomelea, nasi tulimlipa haki yake. Lakini mabati yaliyooza tuliyakata wenyewe. Kuba ile ina mbavu kumi na mbili, kwa hiyo kila kipande cha bati, chini kabisa, kina upana wa sentimita 78 na nusu. Juu vipande vyote hukutana kwenye ncha. Tulikata kipande cha kwanza kama pembetatu, kwa kuwa ndivyo macho yalivyotuambia, na tulipokipandisha tukaona mbingu pande zote mbili. Nusu ya njia ya kupanda, upana hauwi nusu. Ni sentimita 55 na kitu, nasi tulikuwa tumekata 39. Bati moja zima likapotea. Kijana mmoja, ambaye siku zote aliuliza hesabu za pembe zina faida gani, aliketi chini akapiga hesabu ya kosaini kwa kila nyuzi kumi, na mabati yaliyofuata yakakaa. Sikumwona akiuliza tena.

Sasa nije kwenye jambo lililonishangaza zaidi. Kuba ilichorwa kwa kufuata kitabu cha Uingereza, na mwanya wake ulikoma utosini. London si hasara kubwa. Nyota tatu za mshipi wa Orioni hazipandi kule zaidi ya nyuzi 39 hivi juu ya upeo. Huku kwetu huchomoza mashariki, hupanda wima kama mtu apandaye mnazi, na hupita juu ya utosi. Ukielekeza mwanya mashariki, karibu saa sita nzima huna haja ya kuzungusha kuba. Ndipo nyota zinapofika mahali pazuri kupita pote, ambapo hewa iliyo kati yako nazo ni chache kabisa, zinaingia nyuma ya bati! Tuliukata mwanya sentimita 40 kupita utosi, tukatia upinde wa chuma ili kofia isilegee. Ajabu ni kwamba tangu kuba ijengwe hakuna aliyelisahihisha kosa hilo. Wote tulidhani kitabu kinajua mbingu yetu kuliko sisi.

Wapo wasemao kwamba paa la kuteleza ni rahisi kuliko kuba. Hawa nawaheshimu, kwa sababu wanasema kweli: gharama yake ni ndogo, na joto la mchana hutoka upesi. Lakini uani pale upepo wa mlimani huvuma usiku, na taa za barabarani humulika. Kuba huzuia vyote viwili. Kuhusu joto tuliipaka rangi nyeupe, na mwanya tunaufungua jua linapotua, ili hewa moto isije ikatetemesha sura ya nyota.

Wapo pia wanaonionyesha simu zao. Picha za darubini ya James Webb, iliyorushwa 25 Desemba 2021, zinashinda chochote tutakachokiona, wao husema. Sibishi. Lakini aliyetazama picha ya bahari hajalowa. Will Hay alikuwa mchekeshaji wa jukwaani na wa filamu. Tarehe 3 Agosti 1933, kwa darubini ya inchi sita bustanini kwake London, aliona doa kubwa jeupe juu ya Zuhali, akawajulisha wataalamu. Na sisi je? Tarehe 12 Desemba 1970, Waitaliano walirusha kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, setilaiti ya Marekani, ya kwanza kutengenezwa kwa kazi ya kuchunguza eksirei za angani. Ikaitwa Uhuru. Bahari ilikuwa yetu na jina lilikuwa letu. Macho yalikuwa ya wengine. Nani atatulazimisha kuendelea hivyo, kama si kufuli zetu wenyewe?

Kuba inazunguka sasa. Mlango wa mwanya bado unavuja kwenye kona ya chini, na Jumamosi tutapanda na mpira na lami kabla masika hayajaanza. Waliotaka kuuza bati wamealikwa waje mapema Februari, saa tatu usiku, wakati mshipi wa Orioni uko utosini.