MIRATHI YA TEXAS: MTOTO WA TATU HAKUITWA



Wako watu ambao wakisikia maneno "mfuko wa elimu" huona mazungumzo yamekwisha. Fedha ikishaitwa ya elimu, nani tena atathubutu kuuliza inakwenda kwa nani? Sisi tunauliza. Na leo tunauliza habari za jimbo la Texas, huko Marekani, ambako dola iliweka ardhi ya umma kuwa kama wakfu wa vyuo vikuu, ikatoka katika ardhi ile mali ya kutisha, kisha wakubwa wawili wakakaa chini wakagawana.

Asili yake ni hii. Katiba ya Texas ya mwaka 1876 ilitenga eka milioni moja katika nyika za magharibi ziwe mtaji wa daima wa chuo kikuu, na mwaka 1883 ikaongezwa milioni nyingine. Asidhani mtu kuwa huo ulikuwa ukarimu. Sheria ya 1858 ilikwisha kukiahidi chuo hicho fungu moja katika kila kumi ya ardhi zilizopimwa kwa ajili ya reli. Katiba ikaifuta ahadi hiyo, na badala yake ikatoa ukame. Kwa miaka arobaini nyika ile haikuleta ila kodi ndogo ya malisho ya ng'ombe. Kisha, tarehe 28 Mei 1923, kisima kilichopewa jina la Santa Rita (mtakatifu ambaye Wakatoliki humwendea kwa mambo yasiyowezekana) kikafoka mafuta. Ilipofika mwaka 2023 mfuko ule ulikuwa umepita dola bilioni 30. Mtaji hauliwi, kinacholiwa ni mazao yake, na hayo ndiyo tunayoyasema.

Sasa tazameni. Katiba ile ile ilitaja watoto watatu, si wawili. Wa kwanza ni Chuo Kikuu cha Texas. Wa pili ni chuo cha kilimo na ufundi, ambacho leo ni Texas A&M, kilichofanywa tawi la kile cha kwanza. Wa tatu ni chuo tawi kwa ajili ya vijana weusi, ambacho Bunge liliamriwa likianzishe pale litakapoona yamkini. Mwaka 1882 wapiga kura wakakichagulia hata mji, nao ni Austin. Mji ukachaguliwa, chuo hakikujengwa. Ulipoingia mwaka 1931, na mafuta yanatoka, Bunge likapitisha mgawo: thuluthi mbili kwa Chuo Kikuu cha Texas, thuluthi moja kwa A&M. Msomaji aliyegusa japo mlango mmoja wa faraidh anajua kuwa mafungu hayatajwi mpaka warithi wote wamehesabiwa. Hapa mafungu yalitimia, hakikusalia hata kitu, na mtoto wa tatu hakuitwa.

Aliyekuja kubisha hodi ni Bwana Heman Sweatt, mwaka 1946, mtu mweusi aliyetaka kusoma sheria Austin. Akakataliwa kwa rangi yake, naye akaenda mahakamani. Hapo Serikali ya jimbo ikapata kwa ghafla uwezo ambao haikuwa nao kwa miaka sabini! Mwaka 1947 ikaanzisha mjini Houston chuo kikuu cha watu weusi, ambacho tangu 1951 kinaitwa Texas Southern. Mahakama ya juu kabisa ya Marekani ikampa Bwana Sweatt haki yake mwaka 1950. Lakini chuo kilichozaliwa na kesi yake hakikutiwa katika mfuko. Kilijengwa ili mtu asiingie mlango wa Austin, na chenyewe kikafungiwa mlango wa hazina.

Wala asitwambie mtu kwamba tunaleta habari za rangi tu. Dhulma ikizoea haichagui. Mwaka ule ule wa 1923, miezi michache kabla ya mafuta kufoka, Bunge lilianzisha chuo kingine Lubbock, huko huko magharibi, ili watu wa magharibi wapate pa kusomesha watoto wao. Chuo hicho ni Texas Tech. Mafuta yametoka upande wao, mapato yamekwenda Austin na College Station. Na katika bonde la Rio Grande, mpakani na Meksiko, kulikuwa na vyuo viwili, Brownsville na Pan American, vilivyobeba jina lenyewe la Chuo Kikuu cha Texas na bado havikuwa na haki katika mfuko. Ilibidi mwaka 2013 itungwe sheria ya kuvivunja vyote viwili na kuunda kimoja kipya, ndipo wana wa bonde lile wakaruhusiwa kugusa mali ya jimbo lao. Mtu afe ndipo azaliwe mrithi: sheria gani hiyo?

Wanaotetea mgawo wana maneno yao, na tusiwaonee. Husema kwamba mali ikikatwa vipande vidogo haijengi kitu, na ya kuwa vyuo viwili vikubwa ni bora kuliko ishirini vinyonge. Hoja hii ina uzito wake. Lakini inaeleza kwa nini mali isitawanywe. Haielezi kwa nini wanaokula wawe hawa daima, wala nani aliwapima na kwa mizani ipi mwaka 1931. Ukubwa wanaojivunia leo umetokana na fungu walilochukua jana. Husema pia kwamba Katiba imefunga. Katiba! Imefunguliwa 1984, ikafunguliwa 1999, ikafunguliwa 2023.

Mwaka 1984 matawi ya wakubwa wale wawili yakaruhusiwa kukopa kwa dhamana ya mfuko, na chuo cha weusi cha Prairie View, kilicho chini ya A&M, kikaandikwa kwa jina miongoni mwa wanaokula mapato, miaka 108 baada ya Katiba. Vyuo vilivyobaki nje vikatengewa fungu la kila mwaka kutoka hazina ya kawaida. Fungu hilo lilipandishwa mwaka 2015 likafika dola milioni 393.75, ligawiwe vyuo vingi, kwa majengo, ardhi, vifaa na vitabu. Mshahara wa mwalimu haumo. Austin huweza kutumia mazao ya mfuko kuwavuta walimu. Basi mmoja ana shamba, mwingine ana posho, na kiwango cha posho hupangwa na Bunge.

Mwezi wa Novemba 2023 wananchi walipiga kura wakakubali mfuko wa pili, wenye zaidi ya dola bilioni 3, kwa vyuo vinne: Houston, Texas Tech, North Texas na Texas State. Tunalipongeza jambo hilo, kwani limethibitisha kuwa mkubwa hapungukiwi nywele kwa mwenziwe kupata. Lakini mizani iliyowekwa ni fedha za utafiti na idadi ya shahada za uzamivu, yaani hupewa aliyekwisha kuwa nazo. Texas Southern hakimo. Kimenyimwa mlo miaka yote, kisha kikaambiwa hakikupewa kwa kuwa ni dhaifu!

Na anayeuliza Texas na Unguja wapi na wapi, ajibiwe kwamba Zanzibar ilitunga sheria yake ya mafuta na gesi mwaka 2016. Mafuta hayajatoka. Mwaka wetu wa 1931 haujafika.

Msimamo wetu ni huu. Mtaji uachwe kama ulivyo. Mazao yahesabiwe upya, na katika hesabu iingie idadi ya wanafunzi wanaosomeshwa na kila chuo, na iingie deni la ahadi ya 1876, ambayo hakuna bunge lililokwisha kuilipa. Prairie View kiliandikwa katika Katiba kwa jina lake. Texas Southern nacho kiandikwe kwa jina lake, na kipewe mapato yasiyofungiwa kwenye matofali.