Ubora wa Utafiti Huanzia Katika Swali: Funzo Kutoka Londiani

Aghalabu mjadala kuhusu ubora wa utafiti na uvumbuzi katika vyuo vikuu vya Kenya huendeshewa katika kumbi za mikutano jijini Nairobi, na aghalabu huishia katika hesabu: makala mangapi yamechapishwa, wahitimu wangapi wa uzamifu wamepatikana, fedha kiasi gani zimetengwa. Ni nadra mjadala huo kufika Londiani. Hili ni jambo la kushangaza, kwa kuwa ni sehemu chache nchini zilizochunguzwa na wasomi kwa muda mrefu kama nyanda hizi za Kericho. Chuo cha Misitu cha Kenya kimekuwapo Londiani tangu mwaka 1957. Taasisi ya Utafiti wa Misitu ya Kenya (KEFRI), iliyoundwa mwaka 1986, ina kituo papo hapo. Anayeteremka kuelekea Kericho mjini huingia katika mashamba ya chai, zao ambalo limekuwa na taasisi yake ya utafiti huko tangu miaka ya 1950. Chuo Kikuu cha Kabianga, kilichopata hati yake mwaka 2013, kimezungukwa na chai hiyo hiyo. Nacho Chuo Kikuu cha Egerton kiko Njoro, si mbali na hapo.

Kwa hiyo mkulima wa Londiani si mgeni wa hojaji. Anamfahamu kijana aliyebeba mkoba na karatasi, anayeomba dakika chache na kukaa saa nzima. Amejibu maswali kuhusu miti, mvua, mbolea, mapato na idadi ya watoto. Asichokifahamu ni mwisho wa majibu yake. Yalikwenda wapi, na je, yaliandikwa kama alivyoyasema?

Makala haya yanashikilia kwamba ubora wa utafiti huanza kupotea mapema kuliko inavyodhaniwa. Haupotei tu wakati wa kuchapisha. Hupotea pale swali linapovushwa kutoka katika Kiingereza cha pendekezo la utafiti hadi katika Kiswahili cha mhojiwa. Wasomi wa Kiswahili, ambao kwa haki wangekuwa walinzi wa kivuko hicho, aghalabu hawaonekani kivukoni.

Kuhusu hesabu hakuna haja ya kusema mengi, maana matokeo yake yamekwisha kuonekana. Viwango vya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu vilivyotolewa Kenya mwaka 2014 vilimfunga mhadhiri na alama za machapisho. Mwaka 2019 chuo kikuu kimoja cha umma kiliwatunuku watu 118 shahada ya uzamifu katika mahafali moja, na Tume hiyo ikalazimika kuagiza uchunguzi. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi ya mwaka 2013 nayo ilitaja asilimia 2 ya pato la taifa kuwa fungu la utafiti, kiwango ambacho fedha zinazotolewa hazijakikaribia. India ilipita njia hiyo hiyo kabla ya Kenya, na kwa kishindo zaidi. Mwaka 2010 Tume ya Ruzuku za Vyuo Vikuu ya nchi hiyo iliweka mfumo wa alama uliompima mwalimu kwa machapisho yake. Majarida ya kulipia, yasiyo na uhakiki wowote wa maana, yakaota kama uyoga. Mwezi wa Mei 2018 Tume hiyo iliyafuta majarida 4,305 kwa mpigo katika orodha iliyokuwa imeyakubali yenyewe. Mwaka 2022 ililiondoa sharti la kuchapisha kabla ya kuwasilisha tasnifu ya uzamifu, na mwaka 2025 ikaiacha hata orodha mpya iliyokuwa imeundwa kuziba pengo la ile ya kwanza. Yaani taifa lenye maelfu ya vyuo lilihesabu, likafuta, likahesabu tena, kisha likakiri kwamba hesabu haikuwa imepima lile lililokusudiwa kupimwa.

India inahusiana na Londiani kwa njia nyingine pia, ya zamani zaidi, nayo inagusa lugha moja kwa moja. Katikati ya karne ya 19 maofisa wa misitu wa Burma, nchi iliyotawaliwa wakati huo kama sehemu ya India ya Mwingereza, walibuni utaratibu wa kuwaruhusu wakulima kulima vyakula baina ya miche ya miti. Wakulima walipalilia mimea yao, na kwa kufanya hivyo wakaipalilia miche ya serikali bila ujira. Utaratibu huo uliletwa Kenya mwaka 1910. Hapa haukubeba jina lake la Kiburma. Ulipata jina la Kiswahili, nalo ni shamba. Tangu hapo wataalamu wa misitu, hata walioandika kwa Kiingereza kitupu, walilitumia neno hilo bila kulitafsiri. Ni mfano adimu wa Kiswahili kuipa sayansi ya dunia istilahi, na wanafunzi wengi wa isimu hawaujui.

Utaratibu wa shamba ulipigwa marufuku katika miaka ya mwisho ya 1980. Uliporudi, kufuatia Sheria ya Misitu ya mwaka 2005, ulirudi umerekebishwa na kuvishwa jina jipya: PELIS, ufupisho wa maneno marefu ya Kiingereza. Huenda yalikuwapo maslahi ya kisiasa katika kubadilisha jina, kwa kuwa la zamani lilikuwa limechafuka. Hata hivyo, lililotokea katika utafiti ni kwamba mchunguzi na mchunguzwa waliachana njia. Mmoja anaandika PELIS, mwingine anasema shamba, na kila mmoja anadhani mwenzake anazungumzia kitu kile kile. Katika kinywa cha mkulima, shamba ni kipande cha msitu alichopewa alime kwa muda, na ni ardhi yake mwenyewe nyumbani pia. Anapoulizwa, "Shamba lako lina ekari ngapi?" atajibu lipi? Na mtafiti ataandika lipi?

Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapopaswa kusimama na kutazama. Mathalan, litazamwe neno kaya, ambalo vitabu vya mbinu za utafiti hulitoa kama tafsiri iliyokwisha kukubaliwa. Nchini Tanzania neno hilo limezoeleka katika sensa na ofisi za serikali za mitaa. Lakini Londiani ni mahali pa Wakipsigis, Wakikuyu, Wakisii na wengineo, watu ambao Kiswahili chao kimejengwa juu ya lugha zao za kwanza. Wengi wao wamelisikia neno kaya katika habari za misitu mitakatifu ya Wamijikenda huko pwani. Basi swali "Kaya yako ina watu wangapi?" humfikia mhojiwa likiwa na ukungu. Mmoja atahesabu watoto wake. Wa pili atahesabu wanaolala nyumbani usiku huo. Wa tatu atamjumlisha mwana aliyeko Nairobi, kwa sababu ndiye anayeleta ada ya shule. Majibu ya watu hawa watatu huingia katika safu moja ya jedwali, na wastani wake hutolewa kwa desimali mbili. Mtahini huzisifu desimali hizo.

Lipo pia swali kuhusu uharibifu wa msitu. Istilahi ya Kiingereza inayotafsiriwa hivyo inaweza kutaja hali tu: msitu haupo kama ulivyokuwa. Kiswahili hakisahau mtenda kwa urahisi. Palipo na uharibifu pana mharibifu, na mtu anayeulizwa amesimama ndani ya msitu huo akiwa na jembe mkononi. Atasema nini, isipokuwa kwamba hajaona uharibifu wowote? Kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hufundishwa tofauti baina ya kauli ya kutendeka na kauli ya kutendwa, baina ya "umeharibika" na "umeharibiwa". Huifanyia mtihani, huipatia alama, kisha huiacha darasani. Ilhali tofauti hiyo ndogo ingeweza kumpa mtafiti wa misitu jibu la kweli mahali alipopata la kujikinga.

Lililo zito kuliko yote ni neno mwenyeji. "Je, wewe ni mwenyeji wa hapa?" Katika miji mingi hilo ni swali la adabu. Londiani, mahali ambapo watu walifukuzwa makwao katika mapigano ya mwaka 1992 na tena katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, si swali la adabu hata kidogo. Lina maana ya nani ana haki ya kuwapo na nani amevumiliwa. Mtafiti aliyeazima neno hilo kutoka kwenye kamusi huenda asijue amegusa kidonda, na mhojiwa atakayefunga mlango ataandikwa kuwa ni miongoni mwa "waliokosa kujibu".

Uvumbuzi nao haukwepi suala hili. Watafiti wa chai wa Kericho walitoa mwaka 2011 aina ya chai ya majani ya zambarau, TRFK 306, kazi ambayo nchi yoyote ingejivunia. Lakini swali la kitaalamu, yaani kama mkulima ameupokea uvumbuzi, si swali la mkulima mwenyewe. Yeye hutaka kujua kwanza ni kiwanda kipi kitakachoyachakata majani hayo mbali na yale ya kijani. Na mnamo Mei 2023, mashine za kuchuma chai zilipochomwa moto Kericho, ilibainika wazi kwamba kile kilichoitwa uvumbuzi upande mmoja kiliitwa upande wa pili kunyang'anywa kazi. Maneno hayo mawili hayakuwahi kukutanishwa katika hojaji moja.

Pingamizi linalotolewa na wengi ni kwamba Kiswahili hakina istilahi za kuhimili sayansi, na kwamba dunia husoma Kiingereza. Sehemu ya pili ya pingamizi hilo ni kweli, na hakuna anayedai tasnifu za misitu ziandikwe kwa Kiswahili kuanzia kesho. Sehemu ya kwanza ilikwisha kujibiwa kitambo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa kamusi ya istilahi za biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, iliifanya lugha hii kuwa ya taifa na rasmi pia. Zaidi ya hayo, matatizo yaliyoelezwa hapa si ya istilahi ngumu. Kaya, shamba, uharibifu na mwenyeji ni maneno ya kila siku, na ndiyo maana hakuna aliyeyatilia shaka.

Lawama nyingine inawahusu wasomi wa Kiswahili wenyewe. Rafu za idara nyingi zimejaa tasnifu zinazofanana kama mapacha: taswira ya mwanamke katika riwaya fulani, taswira ya mwanamke katika tamthilia fulani, na tena, kwa mwandishi mwingine. Nadharia moja huvishwa kila kitabu kama koti la kuazima. Si kwamba fasihi haistahili kuchunguzwa. Lakini ni vigumu kuilaumu India kwa kuhesabu machapisho ikiwa idara zenyewe zinahesabu tasnifu bila kuuliza ni jambo gani jipya limejulikana. Na wakati haya yakiendelea, mwenzao wa idara ya misitu au ya kilimo humkabidhi binamu yake aliyemaliza kidato cha nne hojaji yote aitafsiri usiku mmoja, kwa malipo ya soda.

Kuna jambo linaloweza kufanywa bila kusubiri ile asilimia 2. Tasnifu yoyote iliyokusanya data kwa Kiswahili ibebe hojaji ya Kiswahili katika viambatisho, pamoja na maelezo ya jinsi ilivyotafsiriwa, jinsi mtu mwingine alivyoirudisha katika Kiingereza bila kuona matini ya asili, na ni maneno gani yaliyobadilishwa baada ya kujaribiwa nyanjani. Kiambatisho hicho kisomwe na mtahini kutoka idara ya Kiswahili, mwenye uwezo wa kuikataa. Wanafunzi wa uzamili katika isimu na tafsiri wangepata hapo mada halisi za utafiti, zenye data ambayo haijaguswa na mtu. Matokeo nayo yapelekwe kwa waliohojiwa kabla ya tasnifu kutetewa, yakiwa katika Kiswahili wanachokielewa. Vyama vya jamii vya kutunza misitu vipo na hukutana, kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba hakuna pa kuyapeleka. Mkulima akisema, "Hivi sivyo nilivyosema," hilo nalo liandikwe katika tasnifu.

Kuhusu hatua hiyo ya mwisho pana jambo ambalo wasimamizi wa tasnifu hawana budi kulizingatia. Katika misitu ya Londiani mkulima hulima baina ya miche kwa miaka mitatu au minne hivi, hadi miti itakapotanda kivuli kisichoruhusu viazi wala mahindi kukua. Hapo huondoka na, akibahatika, hupewa kipande kingine mahali pengine. Tasnifu nyingi za uzamifu huchukua muda mrefu kuliko huo. Mtafiti atakayengoja mpaka avae joho ndipo arudi atakuta miti imesimama, na mtu wa kumrudishia jibu hayupo.