Kadi Zako Zimenyooka Sana

"Mwanangu, kazi ni nzuri, lakini kadi zako zimenyooka sana."

Hivyo ndivyo nilivyoambiwa Watamu, saa nne asubuhi, nimesimama mbele ya kaunta ya duka la zawadi na kadi 60 ndani ya mfuko wa kaki. Aliyeniambia ni mama wa makamo, mwenyeji kama mimi, na wala si mtu mbaya. Alizishika moja moja kwenye kingo, asije akaziacha alama ya kidole. Akaniuliza kama nilizipeleka Mombasa zikapigwa na mashine. Nikamwambia hapana mama, tumezipiga kwa mkono, mimi na wifi yangu, kule kwetu Kilifi, juu ya meza ya kulia chakula. Akatikisa kichwa.

"Mimi nakuamini. Mgeni ndiye hataamini. Mgeni anataka auone mkono. Zifanye ziende upande kidogo, halafu niletee tena."

Nikapanda tuktuk hadi Gede, nikapanda matatu hadi Kilifi, na kadi zangu 60 mapajani. Tangu siku hiyo sijatulia. Ziende upande kidogo! Yaani nirudi nyumbani nikaharibu kazi kwa makusudi, ndiyo iwe yangu.

Kwa wale ambao hawajawahi kupiga muhuri zaidi ya kuupanga foleni kwa chifu, acha nieleze. Kadi zetu ni za karatasi ya manila, tunakata wenyewe. Picha ni mihuri: dau, kipepeo, mlango wa nakshi, ule mnara wa magofu ya Mnarani. Michoro anachora wifi, halafu tunaipeleka kwa fundi wa mihuri mjini, yule yule anayewatengenezea vyama vya akina mama na makanisa na ofisi. Dau letu lina mihuri miwili. Wa kwanza ni mwili wa chombo, mlingoti na foromali, kwa wino mweusi. Wa pili ni tanga, kwa buluu. Sasa, muhuri ukiushika kwa vidole huoni chini yake. Unakisia. Unashusha, unabonyeza, unainua, unaomba Mungu. Kwenye kila kadi kumi, tatu zilikuwa zinaharibika: tanga limetua nusu inchi kulia, linaelea baharini peke yake kama shuka lililopeperushwa kutoka kambani. Tanga lililo nje ya foromali si sanaa. Ni ajali. Muulize baharia yeyote.

Kadi ikiharibika hakuna kufuta. Manila imekwenda, wino umekwenda, na jioni imekwenda, ambayo ndiyo ghali zaidi kwa sababu wifi ana watoto wawili na kibanda cha viazi karai.

Basi kuna kifaa. Huko Marekani mwanamke mmoja, Iliana Myska, alibuni kimoja kinachoitwa MISTI, na sasa kuna vya kampuni chungu nzima. Hakina umeme, hakina injini. Ni kitu kama kitabu cha plastiki: kitako, bawaba, na kifuniko angavu chenye mistari ya vijisanduku. Kadi unaibana kwenye kona ya kitako kwa sumaku isitikisike. Muhuri unaulaza juu ya kadi, uso chini, pale unapotaka wewe, na unaweza kukaa ukiutazama hata dakika kumi, unausogeza nywele moja kushoto, nywele moja kulia. Ukiridhika unafunga kifuniko. Muhuri unanasa kwenye kifuniko. Unafungua, unapaka wino, unafunga, unabonyeza. Wino ukitoka na mabaka, unapaka tena na kufunga tena, na muhuri unatua pale pale. Hiyo ndiyo siri yote.

Bei yake huko ni makumi ya dola, kabla ya usafiri na ushuru, kwa hivyo mimi na wifi tulicheka tukaachana nayo. Halafu wifi akatazama kasha la CD ya taarabu ya marehemu mamake. Kasha la CD ni nini kama si kitako, bawaba na kifuniko angavu? Tulikata ukuta mmoja wa pembeni, maana kadi ya A6 inazidi kasha kwa milimita kama sita. Ndani tukalaza kipande cha bati la mkebe wa mafuta ya kupikia, tukatoa sumaku kwenye spika mbovu, na mihuri tukaibandika kwenye kifuniko kwa seloteipu ya pande mbili. Gharama: seloteipu. Tangu hapo tanga linakaa kwenye foromali yake.

Na hii ndiyo kazi ninayoambiwa haina mkono ndani yake.

Najua utetezi wao, kwa sababu umehamia Kilifi pamoja na wenzetu wa Nairobi wanaofanya kazi kwa laptop huku wakitazama mkondo. Wanasema kasoro ndiyo roho ya kitu. Wanawataja Wajapani. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, usitegemee nikunukulie mwanafalsafa, lakini naelewa kitu kimoja kuhusu lile bakuli la Kijapani lenye ufa: fundi wake angeweza kulifinyanga zima. Kasoro aliichagua au aliipokea, na akalipwa kwa jina lake. Hakuambiwa na mwenye duka, mzee tetemesha mkono kidogo, wateja wanapenda.

Mkono unaotetemeka una bei yake, na bei yake ni ndogo. Hapo ndipo panaponiuma. Duka lilikuwa linanunua kadi yetu kwa shilingi 80 na kuiuza 350. Ukiuliza mbona 80, jibu ni, si mnajitengenezea nyumbani tu? Ukiboresha kazi ili uombe 120, unaambiwa sasa si ya nyumbani tena. Ikiwa mbaya ni rahisi kwa sababu ni mbaya. Ikiwa nzuri hainunuliki kwa sababu ni nzuri. Mlango wa kutokea uko wapi?

Wala usiniambie pwani hii haijui unyoofu, ati sisi ni watu wa polepole na wa kukadiria. Chukua kofia ya vito, zile za Lamu. Kabla sindano haijagusa kitambaa, mchoro unachorwa kwanza, tundu kwa tundu, ndipo mshonaji anaanza kazi ya wiki na miezi. Umewahi kusikia mzee anarudisha kofia kwa sababu maua yamelingana mno? Anayechonga nakshi za mlango ana bikari yake, na hakuna anayesema duara lile si la mkono. Wanakili wa misahafu, katika nchi nyingi za Kiislamu, walikuwa na kibao cha karatasi ngumu kilichotandazwa nyuzi. Unaweka ukurasa juu, unasugua kwa kidole gumba, nyuzi zinaacha alama, halafu ndio unaandika juu ya alama. Kwa Kiarabu kinaitwa mistara. Lile neno letu la mstari limetoka huko huko. Na Siyu, kule Pate, ilipata jina kwa misahafu iliyonakiliwa kwa mkono, kazi ambayo ukiitazama unashusha pumzi. Kuanzia mistara hadi MISTI, naona ni ukoo mmoja. Kasha la CD ya taarabu ni binamu yao wa Kilifi.

Tena twende mbali zaidi. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka kwenye majukwaa ya San Marco yaliyosimama baharini Ngomeni, kaskazini ya Malindi, Waitaliano na Wamarekani walirusha setilaiti ya kupima miali ya eksirei kutoka angani. Ilipewa jina Uhuru, kwa kuwa ilikuwa sikukuu yetu. Sijasikia mtu aliyeomba iende upande kidogo ili ionekane imetoka Afrika.

Lakini kilichonimaliza kabisa nilikiona Malindi wiki mbili baadaye, katika duka jingine ambalo pia sitalitaja. Pakiti ya kadi 12 za ndovu, zimeandikwa kwa herufi za mwandiko kwamba zimetengenezwa kwa mkono. Ndovu wa kwanza kasimama mshazari, wino umemwagika kidogo sikio la kushoto. Nikasema, haya, huyu mwenzangu naye hana kasha la CD. Nikafunua ya pili. Mshazari ule ule, doa lile lile, sikio lile lile. Ya tatu vile vile. Zote 12. Kuna mtu kachora kosa kwenye kompyuta, akaliingiza mtamboni, likachapwa kama gazeti. Mimi niliyepiga kwa mkono kweli nimekataliwa kwa sababu sina kosa, na mashine iliyofundishwa kukosea imewekwa dirishani. Nilicheka peke yangu hadi muuzaji akaniuliza, "Dada, kuna shida?"

Sitaki kudanganya kwamba kifaa hiki ni malaika. Awamu yetu ya pili tuliweka dau mahali pamoja kwenye kadi 40, kwa sababu kasha linakumbuka na sisi tulikuwa tumechoka. Wifi alizitandaza mezani, akazitazama, akasema, "Wifi, hizi ni risiti." Kweli zilikuwa risiti. Tuligundua kwamba zamani kukosea kulikuwa kunatuletea mabadiliko ya bure, na sasa ilibidi tufikirie. Tukaanza kumsogeza nahodha: kadi hii dau liko karibu na ukingo linaondoka, hii liko mbali dogo, hii madau mawili yanapishana. Kila kusogeza ni uamuzi, na uamuzi unachukua muda mrefu kuliko kubonyeza. Kama mgeni anautafuta mkono, uko hapo. Ila inabidi azitazame kadi tatu kwa pamoja, na aliyepanga dirisha kampa moja.

Wanaotuelewa ni watu wa harusi. Mwezi uliopita tulipata oda ya mialiko 150, familia moja hapa Kilifi. Shangazi wa bwana harusi alikuja kuikagua na rula ya mtoto wa shule. Kweli, rula! Akapima ua la juu na ua la chini, akapima jina la bi harusi liko katikati au haliko. Mialiko miwili akaisukuma pembeni bila neno, na alikuwa na haki, wino ulikuwa umefifia. Hakuuliza kama tumetumia kasha, mashine au majini. Aliyemtuma ni mamake bi harusi, na mamake bi harusi hawezi kualika watu kwa kadi iliyopinda, watasema nini? Akalipa 130 kwa kila kadi, pesa mkononi, akaomba na rangi ya buluu ile ile kwa ajili ya arusi ya mdogo wake.

Hawa ni watu wetu, wanaheshimu sherehe yao na wanataka kazi inayoiheshimu. Huyo mgeni sijawahi kuonana naye. Nimesikia habari zake tu kwa mwenye duka, kwamba anataka hivi na hataki vile, na nina shaka kama kuna mtu aliyewahi kumuuliza. Nadhani ukimwekea kadi iliyonyooka na iliyopinda, ataangalia dau na kununua analolipenda, kama mtu yeyote.

Kadi 60 bado ziko ndani ya katoni chini ya kitanda cha wifi. Nimemtumia yule mama wa Watamu ujumbe wa bei mpya, kwa adabu zote. Zilizonyooka 80, kama kawaida, tayari kuchukuliwa. Za kwenda upande 140, na zinahitaji siku kumi, kwa sababu kupinda kwa makusudi bila kuharibu ni kazi ngumu zaidi na itabidi tutengeneze kasha jingine kwa ajili hiyo. Ameusoma. Alama mbili za buluu zinaonekana.