KONA YA FUNDI: Sinyale iko, picha hakuna



Mama mmoja wa Likasi ametuletea shida yake. Upepo wa mvua uligeuza parabole ya nyumba. Fundi akaja, akaisogeza, akaamuru dekoda itafute yenyewe. Ikapata sinyale: kualite 80 kwa mia. Lakini shene za televizio sufuri, radio sufuri. Fundi akasema: "Mama, hizi ni shene za kufichwa. Leta dola 60, mi nitaleta masini ya kuzifungua." Sasa mama anauliza: nitoe ile feza ao niache?

Mama, usitoe. Kaa kwanza tuelezane.

Satelite za namna hii zinakaa juu ya mstari wa ikweta, karibu kilomita 36000 kutoka chini. Ndani yake muna transponda nyingi. Kila transponda inapokea mawimbi kutoka duniani, inageuza frekansi, inayarudisha chini. Nyingi zina upana wa megahezi 36. Transponda moja inaweza kubeba shene nyingi za televizio. Lakini nyingine inakodishwa kwa vipande: kipande cha banki, kipande cha kambi ya mine iliyo mbali na mji, kipande cha mnara wa simu kule porini. Hapo hamna picha yoyote. Ni maneno, hesabu na barua za watu. Dekoda inashika sinyale, lakini haikuti kitu cha kuonyesha.

Utajuaje kama umeangukia sinyale ya namna hiyo? Kamata kaye na kalamu, uandike.

Kwanza, andika frekansi na hesabu ile dekoda inayoitafuta pamoja nayo, kama 27500. Televizio nyingi zinatumia hesabu kubwa, 27500 ao 30000. Sinyale ndogo ya 1500 ao 3000 inaweza kuwa ya maneno ya kampuni. Lakini usikate hukumu mbio: iko shene moja-moja inayopita kwa hesabu ndogo, na iko intaneti inayopita kwa hesabu kubwa.

Pili, angalia orodha. Televizio inasafiri pamoja na orodha ya majina ya shene zake. Kama dekoda inashika vizuri na orodha ni tupu kila mara, umepata alama nzuri.

Tatu, geuza parabole kidogo pembeni. Sinyale ya juu itakufa. Kama inabaki palepale, haitoki kwa satelite, inatoka kwa mnara wa karibu. Wenye parabole kubwa za bendi ya C wanaijua sana taabu hii.

Vijana wenye ordinatere wanaweza kwenda mbele. Tangu 2012 watu wengi wanatumia kijiti cha USB kilichotengenezwa kwa kutazama televizio, bei yake karibu dola 30. Kinaonyesha mawimbi kama milima kwenye kioo, karibu megahezi 2 kwa mara moja. Lakini angalisho! Dekoda inatuma volti 13 ao 18 kwa kichwa cha parabole. Volti hizo zikiingia katika kijiti, kimekufa. Tumia kigawanyo kinachopitisha umeme upande mmoja tu. Kijiti kikae upande usio na umeme.

Hesabu ni rahisi. Kwa kichwa cha bendi ya Ku, upande wa chini, ongeza 9750: ukiona mlima kwenye 1250, kule juu ni 11000. Kwa bendi ya C unatoa: 5150 kutoa 1250, ni 3900. Usishangae ikikosea megahezi moja ao mbili, kichwa cha bei ndogo kinahamahama na joto la jua.

Sasa angalia umbo. Mlima mpana, juu sawa kama meza, usiozimika: ni televizio ao intaneti inayoshuka. Mlima mwembamba usiozimika: mara nyingi ni njia ya kampuni moja. Vilima vinavyotokea na kupotea kama vimulimuli: ni vituo vidogo vinavyojibu kwa zamu. Sindano moja isiyotikisika: ni taa ya satelite yenyewe, ya kuwaongoza mafundi. Upana nao unasema: chukua ile hesabu, zidisha kwa 1,2 ao 1,35. Sinyale ya 5000 itashika megahezi 6 mpaka karibu 7.

Hapo, kijana, simama. Kujua kwamba barua imepita ni jambo moja, kuifungua ni jambo lingine. Katiba yetu ya 2006, katika kifungu cha 31, inalinda siri ya mawasiliano ya kila mtu.

Na siri hiyo iko hatarini kweli. Mwaka 2020 mtafiti wa Oxford alionyesha kwamba kwa vifaa vya televizio vya karibu dola 300 alisoma maneno ya meli na ndege. Mwaka 2025 watafiti wa vyuo vikuu vya San Diego na Maryland, Marekani, walitoa habari yao: kwa vifaa visivyofika dola 800, juu ya paa la nyumba, walichunguza satelite 39, na karibu nusu ya sinyale walizozitazama hazikufungwa kwa siri. Walikuta hata simu na ujumbe wa watu wa kawaida. Kampuni kadhaa, zilipoambiwa, zikafunga.

Kwa hiyo wewe baba uliye katika kambi, usimtumie mama namba ya siri ya feza kwa ujumbe wa kawaida wa simu. Tumia programu inayofunga ujumbe kutoka kwako mpaka kwake. Na kwa banki, angalia alama ya kufuli kabla ya kuandika kitu.

Wewe mama wa Likasi, parabole yako inaangalia satelite isiyo yako, ni hiyo tu. Mwambie fundi airudishe kwa ile ya zamani, umlipe kazi ya kupanda ngazi. Zile dola 60 ziende kwa masomo ya watoto.

Tubaki na amani mpaka mwezi ujao.